Moyo wa Mama: Uliza Majibu Yote Mawili

Sisi akina mama tumezoea kuvumilia. Kifua kikibana tukipanda mlima au tukibeba ndoo, twasema ni uchovu tu. Usinyamaze, mwone daktari. Huenda akaagiza moyo wako upimwe ukiwa umeshughulishwa.

Utatembea juu ya mashine ya mkanda, au utapewa dawa ya kutanua mishipa ya moyo. Kisha utachomwa sindano yenye mionzi kidogo, na picha zitaonyesha jinsi damu inavyofika kila sehemu ya moyo. Wakati moyo unashughulishwa, nyaya kifuani huchora mistari ya umeme wake, yaani ECG.

Wengi huuliza habari za picha tu. Lakini picha hulinganisha sehemu moja ya moyo na nyingine. Mishipa yote mikubwa ikiziba karibu sawasawa, picha yaweza kuonekana safi. Mistari ikishuka isivyo kawaida baada ya ile dawa, hilo ni onyo, hasa kwa mama mwenye umri mkubwa. Kwenye mashine ya mkanda, mistari ya wanawake huweza kutisha bure, na hapo picha hutusaidia.

Basi uliza majibu yote mawili. Usinywe chai wala kahawa tangu siku iliyotangulia, maana huipunguzia dawa nguvu. Kama una mimba au unanyonyesha, sema mapema.

Kwenda kupimwa si kukosa imani. Mwili ni hekalu la Mungu, tuutunze.