Windows moja kwa kompyuta kumi? Hapana jamani

  

Leo sina habari za theluji. Nina neno kuhusu kompyuta, maana tangu mwaka 2025 unaishia simu zimekuwa za aina moja: "Dada, tumesikia huko kompyuta zinatupwa. Tutumie hata kumi, na ufunguo wa Windows mmoja tu utatosha, fundi ataziwekea zote."

Habari ya kwanza ina ukweli. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Kwa hiyo maofisi yanauza, na hata kwenye chumba cha taka kubwa cha jengo letu, Waswidi wanakiita grovsoprum, unaweza kukuta mpakato nzima imelazwa juu ya friji mbovu. Habari ya pili ndiyo iliyonikalisha niandike. Ufunguo mmoja hautoshi kompyuta kumi, na kwa maoni yangu hata tusihangaike kuulazimisha. Kuna njia ya halali ambayo ni bure, ila tunaidharau.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani. Ukinunua kompyuta, mashine ni yako. Unaweza kuiuza, kuigawa, hata kuifanya kiti. Windows iliyomo ndani si yako. Ulichonunua ni ruhusa ya kuitumia, ndiyo hiyo leseni, na ruhusa ni ya mashine moja. Mimi nesi, niruhusuni mfano wa kazini. Daktari akikuandikia cheti cha dawa, kile cheti ni chako. Hata kama ndugu zako watano wana kikohozi kilekile, hawawezi kwenda na cheti chako mmoja baada ya mwingine duka la dawa.

Zamani ilikuwa rahisi kudanganya. CD moja ilizunguka mtaa mzima. Mwaka 2001 ilipokuja Windows XP ndipo Microsoft ilipoanza kudai uamilishaji kwa wateja wa kawaida. Unaandika ule ufunguo wa herufi na tarakimu 25, kompyuta inapiga picha ya vifaa vyake vya ndani, inaviunganisha na ufunguo, halafu inatuma habari makao makuu. Ufunguo uleule ukitokea kwenye mashine nyingine, wanajua. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi mpya zinakuja na ufunguo umefichwa ndani kiwandani, hakuna tena kibandiko cha kusoma. Windows 10 ya mwaka 2015 ikaongeza leseni ya kidijitali. Hapo seva za Microsoft zinaikumbuka mashine yenyewe, hivyo hata ukifuta kila kitu na kuweka Windows upya, ikiingia intaneti inajiamilisha. Ukibadilisha diski au kuongeza memori, kwa kawaida hakuna shida. Ukibadilisha ubao mkuu wa ndani, inahesabiwa kuwa kompyuta nyingine.

Sasa, leseni ziko za aina tatu, na hapa ndipo watu wanapoumia.

Ya kwanza ni ile inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani. Imefungwa na mashine hiyo mpaka kufa kwake. Mashine ikiuzwa, leseni inakwenda nayo. Mashine ikifa, leseni inazikwa nayo. Huwezi kuing'oa ukaihamishia nyingine.

Ya pili ni ile unayonunua peke yake dukani. Hii inahamishika, ila lazima uiondoe kwenye kompyuta ya zamani kwanza. Mguu mmoja huku na mwingine kule hairuhusiwi.

Ya tatu ni ya mashirika: maofisi, vyuo, hospitali. Shirika linapata ruhusa ya kompyuta mia au elfu kwa mkupuo, na mara nyingi mashine hazijiamilishi kwa Microsoft moja kwa moja bali kwa seva ya shirika lenyewe. Uamilishaji huo unadumu siku 180, na kompyuta inatakiwa kuiona seva tena kabla hazijaisha. Kwa wafanyakazi wa pale ni jambo lisiloonekana, wanafungua tu asubuhi na kupiga kazi.

Lakini fikirieni kompyuta hiyo ikiuzwa bila kusafishwa, ikapanda meli, ikafika kwenu. Ukiwasha, Windows inasema imeamilishwa, kila mtu anafurahi. Seva yake iko Ulaya, ndani ya mtandao wa ofisi usioufikia. Siku zikiisha, yanatokea maandishi pembeni ya kioo kwamba Windows haijaamilishwa.

Hayo ndiyo yaliyomkuta mama mdogo mwenye steshenari. Alinunua tatu za mitumba kwa muuzaji mmoja, zikaenda vizuri miezi kadhaa, kisha zote tatu zikaanza kulalamika karibu wakati mmoja. Akaitwa fundi. Fundi akaja na flashi, akazima kinga ya virusi "ili isisumbue", akaikraki Windows, akalipwa, akaondoka. Wiki chache baadaye mafaili yakafungwa na virusi vya kudai fidia: mitihani ya shule mbili, ripoti za wanachuo, barua za wateja. Siwezi kuapa kwamba virusi vilitoka kwenye flashi ile. Ninachojua ni kwamba mlango uliachwa wazi, na hakuna aliyerudi kuufunga.

Kwa sisi wa hospitali hili si la mzaha. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry viliingia kwenye hospitali za umma za Uingereza. Wakaguzi wa serikali yao walikadiria kwamba miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilifutwa. Kumbukeni, zile hazikuwa kompyuta za kukraki. Kosa lao lilikuwa kutoweka kiraka cha usalama ambacho Microsoft ilikitoa mwezi Machi mwaka huohuo. Kama hospitali zenye mafundi wa kuajiriwa ziliangushwa kwa kukosa kiraka kimoja, zahanati yetu ambayo fundi amezima viraka vyote na kinga juu yake itasimama kwa nguvu gani? Rejesta ya chanjo ikipotea, mtoto hajulikani amechomwa ipi na bado ipi.

Najua mtakachosema: "Wewe uko Ulaya, unaweza kununua." Hoja hiyo naipokea. Bei ya Windows 11 ya nyumbani kule Marekani imekuwa dola 139. Kompyuta kumi ni dola 1,390, na kwa fedha hiyo zahanati ya kijiji inanunua vitu vingi vya maana zaidi. Siwalaumu wanaokraki kwa sababu ya umaskini. Ninachosema ni kwamba kukraki si bure kama tunavyodhani, malipo yake yanachelewa tu.

Wengine wananitumia viungo vya funguo za bei ya soda kwenye intaneti. Hapa Ulaya biashara ya leseni zilizotumika inaruhusiwa kweli. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, ilisema aliyenunua leseni ya kudumu anaweza kuiuza tena. Lakini mahakama hiyohiyo iliweka masharti: muuzaji aache kuitumia nakala yake, na asilimege fungu la leseni akauza zile zilizomzidi. Mwenye duka la bei ya soda hakuonyeshi ushahidi wowote kwamba ametimiza hayo. Unanunua namba, hununui ruhusa, na siku ikizuiwa huna pa kudai.

Basi tufanye nini? Maoni yangu ni haya.

Kwanza, kabla hujalipa kompyuta ya mitumba, mwambie muuzaji aiwashe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /dli, bonyeza Enter. Litatokea dirisha dogo. Ukiona neno OEM, leseni ni ya mashine yenyewe, umepata. Ukiona RETAIL, huenda ilinunuliwa peke yake, kwa hiyo muulize muuzaji kama anakuachia. Ukiona VOLUME, leseni ni ya aina ya mashirika, na haiuzwi pamoja na mashine. Inunue kwa bei ya chuma tu. Nyingi za hizi zilitoka kiwandani na ufunguo wao ndani, na zikiwekewa upya toleo linalolingana na ufunguo huo zinajiamilisha bila senti.

Pili, msidanganywe na Windows 10. Mashine ikiwa na leseni halali na vifaa vinavyokubalika, kupanda kwenda Windows 11 ni bure. Ila Windows 11 inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa ujumla prosesa za kizazi cha 8 kuendelea. Isiyofikia hapo, hata leseni yake iwe safi namna gani, haina safari ndefu na Windows.

Tatu, na hili ndilo ninalolipigia debe, kwa kompyuta kumi za shule au zahanati wekeni Linux. Leseni yake yenyewe inakuruhusu kunakili, kumi au elfu kumi, bila ufunguo na bila kuomba. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, Mfini ambaye lugha ya kwao ni Kiswidi hikihiki kinachonitoa jasho. Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004, unaiwekea flashi moja mashine zote, na kitendo kilekile kilichokuwa kosa kinakuwa halali. Kuandika barua na hesabu kuna LibreOffice. Hata DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Kenya na Tanzania, unafunguka kwenye kivinjari tu, haukuulizi kama una Windows.

Wala msiniambie ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya hapa Uswidi iitwayo IT+46, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, chini ya mradi wa Kilinux. Watu wetu walikaa wakatafuta maneno ya Kiswahili ya kila kitufe, wakaitoa bure. Tuliopaswa kuipokea tukaendelea kutafuta fundi wa kukraki. Hilo linaniuma kuliko bei ya Microsoft.

Kuna ugumu, sifichi. Printa nyingine zinasumbua, programu za uhasibu za baadhi ya maduka zinataka Windows, na mwalimu aliyezoea atanuna mwezi wa kwanza. Kwa hiyo steshenari ibaki na Windows moja yenye leseni kwa kazi hizo, nyingine ziende Linux. Mama mdogo amekubali kujaribu hivyo.

Na sisi tulio nje tuache kutuma chochote kinachowaka. Mashine iliyokufa kwa sheria za Ulaya ni taka, hairuhusiwi kupakiwa kama zawadi. Tutume chache zilizo hai, zilizosafishwa, zenye mfumo endeshi ambao mpokeaji ana haki nao.

Mwenye maoni tofauti aandike hapo chini, hasa mafundi. Na binamu yangu wa zile kumi, nipigie Jumapili, tupange flashi.

Nawapenda wote. Msalimieni bibi.