Tairi kubwa, breki zilezile!

Jamani wana Lindi wenzangu, leo mnivumilie. Kuna jambo linanikera.

Juzi nimekodi bodaboda kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Boxer yenyewe ilikuwa imenyanyuka mpaka nikatafuta jiwe la kukanyagia ili nipande. Kijana akanieleza kwa majivuno kwamba ametoa ringi za 17, kafunga za 18 na tairi nene zaidi. "Kaka, sasa hivi mashimo siyaoni!" Kwenye mteremko mmoja mbuzi akakatiza. Kijana akakanyaga breki, pikipiki ikaendelea na safari yake. Aliyetuokoa ni mbuzi, maana alikimbia.

Simlaumu kijana peke yake. Ninachopinga ni huu wimbo wa vijiweni kwamba gurudumu kubwa ni "kuboresha" pikipiki. Kuboresha nini?

Tupige hesabu. Tairi ya 2.75-17 ina kipenyo cha karibu inchi 22.5. Ya 3.00-18 inafika kama 24. Waya wa mita ya spidi unatoka gurudumu la mbele, na hiyo mita haijui kama umebadilisha kitu. Ikisoma 60, wewe uko 64. Breki ni zilezile, ila sasa zinazuia gurudumu refu zaidi, kwa hiyo nguvu yake pale chini imepungua kwa asilimia kama 6. Gia nazo zinakuwa nzito. Ukipakia abiria na gunia la korosho, mlimani injini inalia. Masika je? Tairi ikishabanana na madigadi, udongo wetu mwekundu unajaa mle mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Najua mtasema: wewe mwandishi, barabara zetu unazijua? Nazijua, na sibishi kwamba gurudumu kubwa linapita shimo kirahisi kuliko dogo. Lakini kupita shimo ni jambo moja, kusimama ni jingine. Kama shida ni tope, funga tairi yenye meno ya saizi ileile na ubadilishe viatu vya breki. Ukishikilia ringi kubwa, basi badilisha na sproketi na breki. Usibadilishe nusu.

Nachingwea tulishaona haya. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga kwa mitambo mikubwa, bila kuusoma vizuri udongo wala mvua. Mwaka 1951 mradi ukafa. Ukubwa wa mitambo haukuwasaidia.

Wenye pikipiki mnaodai hesabu kila jioni, na nyie mafundi mnaofunga chochote mnacholetewa: kesho kwenye hiyo siti atapanda mama mjamzito anawahishwa hospitali. Yeye hajaulizwa kuhusu ringi.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga aje na futi kamba, tupime.