Nani alipie barabara?

Kodi ya mafuta ni kodi isiyopigiwa kelele. Mlipaji haitwi ofisini wala hapelekewi hati nyumbani. Hulipa pale pale mafuta yanapotiwa, na aghalabu hajui katika bei aliyoitoa fungu lipi ni la mafuta na fungu lipi ni la barabara. Kwa hiyo ni kodi rahisi kuikusanya, lakini si rahisi kuipima haki yake. Leo tunapenda kulitazama jambo hili kwa mfano wa mbali, nao ni wa Marekani, kisha turejee visiwani kwetu.

Huko Marekani dizeli hutozwa kodi mara mbili. Serikali ya Shirikisho huchukua senti 24.4 kwa galoni, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu 1993. Juu yake kila jimbo huongeza kodi yake. Mwaka 2024 Pennsylvania ilitoza senti 74.1 kwa galoni, jirani yake Ohio senti 47, na Alaska chini ya senti 10. Tofauti hizi ndizo zilizozaa tatizo. Gari lenye tangi kubwa laweza kujaza mafuta Ohio, likaivuka Pennsylvania bila kununua hata tone moja. Hapo linaitumia barabara ya jimbo moja huku kodi yake ikiingia katika hazina ya jimbo jingine.

Majimbo yaliona hasara hiyo, yakatafuta dawa. Mwaka 1983 Arizona, Iowa na Washington yalianzisha mapatano ya kugawana kodi ya mafuta, na mwaka 1991 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoyasukuma majimbo mengine kuingia ifikapo 1996. Sasa yamo majimbo 48 pamoja na mikoa 10 ya Kanada. Kwa mapatano hayo, mwenye gari la biashara linalozidi ratili 26,000, yaani karibu tani 12, au lenye ekseli tatu na zaidi, huandika maili alizokwenda katika kila jimbo. Kila baada ya miezi mitatu hupeleka hesabu, na kila jimbo hupata haki yake.

Lakini yako magari makubwa yaliyoachwa nje ya utaratibu huu. Ni yale ya nyumba, yenye ukubwa wa basi, ndani yake mna vitanda, jiko na choo. Wenyewe wengi ni wastaafu na watu wenye nafasi, wanaozunguka nchi kwa starehe. Makubwa zaidi hutumia dizeli, hubeba galoni 100 au zaidi katika tangi, na huzidi kwa mbali hizo ratili 26,000. Juu ya hayo, maadam yanatumika kwa starehe ya mtu binafsi tu, mwenyewe hapeleki hesabu yo yote. Kodi aliyoilipa kwenye pampu ndiyo basi.

Tupige hesabu ndogo. Gari la namna hiyo likienda maili 8 kwa galoni, safari ya maili 300 ndani ya Pennsylvania itakula galoni 37 na nusu. Lori litadaiwa na jimbo hilo karibu dola 28 kwa safari hiyo, na iliyolipwa Ohio itahesabiwa. Gari la starehe lililojaza Ohio halitadaiwa kitu.

Je, barabara nayo hutofautisha starehe na biashara? Haitofautishi. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya gari hukua upesi kuliko uzito wake. Ekseli yenye uzito maradufu huiumiza barabara takriban mara 16, na yenye uzito mara 10 huiumiza mara 10,000. Ilhali gari hilo zito halinywi mafuta zaidi ya mara tatu au nne ya gari dogo. Basi kodi ya mafuta peke yake haiwezi kumfikishia mwenye gari zito gharama anayoisababisha. Anayeifidia ni mwenye gari dogo.

Wanaoutetea msamaha huo wanayo hoja, na ni haki kuitaja. Magari haya ni machache yakilinganishwa na malori, hayatembei kila siku, na gharama ya kukagua hesabu za kila mstaafu yaweza kuzidi kodi itakayopatikana. Tunaikubali hoja hiyo kwa kiasi. Lakini tunalopenda lizingatiwe zaidi ni sharti lililofungamana na msamaha. Unafuata matumizi, haufuati umbo la gari. Siku mwenyewe atakapolitumia gari lile lile kwa biashara, msamaha umekwisha.

Hapa ndipo mfano huu unapotugusa sisi. Hawaii, jimbo la visiwa, halimo katika mapatano yale, na sababu yake yaeleweka: hakuna lori litakaloingia Honolulu kwa magurudumu yake kutoka jimbo jingine. Hali kadhalika Unguja na Pemba. Kwa watu wa visiwa, suala kubwa ni mafuta yapi yanateketea barabarani na yapi yanateketea baharini. Mashua ya mvuvi haichimbi shimo katika lami. Tena dizeli iliyomo katika dumu la baharia ni ile ile iliyomo katika tangi la lori la mchanga, na pampu haijui iendako.

Tanzania Bara imewahi kutupa funzo. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, na badala yake ushuru ukaongezwa kwa shilingi 40 katika kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Wenye magari walipumua. Lakini mwenye mashine ya kusaga na mwenye kibatari, ambao hawakuwa na gari, nao waliingizwa katika malipo. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tunajua kwamba msamaha huzaa udanganyifu. Marekani dizeli isiyo ya barabarani hutiwa rangi nyekundu, na anayekamatwa akiitumia barabarani hutozwa faini ya dola 1,000 au dola 10 kwa galoni, lo lote lililo kubwa. Kwetu yaweza kuwapo njia isiyo na gharama hiyo: chombo kisajiliwe dikoni, ununuzi uandikwe, na mvuvi arejeshewe fungu la barabara kwa kipimo kinacholingana na mashine yake. Kwa upande wa pili, malori ya mawe, mchanga na saruji yachangie kwa uzito, kwani ndiyo yanayozibomoa barabara za shamba.

Aidha, mafuta yenyewe hayatakuwa msingi wa kodi hii daima. Hawaii imekwisha kutunga sheria, mwaka 2023, ya kuyatoza magari ya umeme kwa maili kuanzia Julai 2025. Magari hayo yanaongezeka duniani kote.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo mawili. Kwanza, kila mwaka wananchi waelezwe kwa tarakimu ni fedha ngapi zimekusanywa katika mafuta na ngapi zimerudi barabarani. Pili, kabla ya kuongeza hata shilingi moja katika lita, ihesabiwe sehemu itakayobebwa na mtu wa bahari. Mwananchi hachoki kulipa barabara anayoipita. Huchoka akilipishwa barabara ya mwenziwe.