Mkono Nao Husema

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Nami nathubutu kuongeza kwamba ulimi peke yake haukamilishi usemi.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi arejeapo kutoka nyanjani, Bungoma au Kitale, huyanukuu maneno aliyoyarekodi, akayafasiri na kuyachambua. Viziada lugha huvitengea sentensi moja tu: fanani alitumia ishara. Ishara ipi? Ilitua kwenye neno gani? Hapo huwa kimya.

Kosa hilo nimelitenda mwenyewe. Niliwahi kumrekodi mzee mmoja viungani mwa Kitale akisimulia jinsi fahali wa babake alivyovunja zizi. Niliposikiliza kanda baadaye, nilikuta kimya kirefu, kisha neno "hivi!" na kicheko cha hadhira. Hivi vipi? Mkono uliosema haukuwamo kwenye kanda.

Watadai baadhi yetu kwamba ishara ni pambo tu, na kwamba kila msemaji hupunga mikono apendavyo. Sikubaliani nao. Mwaka 1985, Willem Levelt na wenzake walionyesha kuwa mtu anapokielekeza kidole kwenye kitu huku akikitaja, sauti hujirekebisha kulingana na muda ambao mkono unahitaji kufika: mkono ukichelewa, neno nalo huchelewa. Mwaka 2000, Rachel Mayberry na Joselynne Jaques walieleza kwamba mwenye kigugumizi anapokwama katika neno, mkono wake nao husita, ukaendelea ulimi unapofunguka. Basi sauti na mkono hungojana. Kile kimya cha mzee wangu hakikuwa pengo. Ulimi ulikuwa ukiusubiri mkono.

Tuitazame kumuse, hotuba ya maombolezo ya Wabukusu. Mlumbi hutembea uwanjani mbele ya waombolezaji, fimbo mkononi, akinena. Anayenukuu maneno pekee ameiacha nusu ya sanaa hiyo palepale uwanjani. Hali ni hiyo hiyo katika tanakali za sauti. Nani husema "akaanguka pu!" mkono wake ukiwa umetulia mfukoni?

Pendekezo langu ni jepesi. Kila unukuzi wetu uwe na mistari miwili: wa juu uwe wa maneno, wa chini uwe wa mkono, na ionyeshwe silabi ambayo ishara imetua. Penye kimya, tuandike mkono ulikuwa ukifanya nini. Simu zetu hunasa picha pamoja na sauti, kwa hivyo hatuna udhuru tena.

Walumbi wazee wa Bungoma na Kitale wanatutoka mmoja baada ya mwingine. Tukiendelea kuhifadhi sauti zao bila mikono yao, wajukuu watakaofungua majalada yetu watasoma neno "hivi", na hapatakuwa na wa kuwaonyesha.