Funga Mlango Kwanza, Ndipo Uangalie: Maoni juu ya Kufundisha Mpangilio wa Hatua katika Somo la Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja ambalo, kwa maoni yetu, halijapewa uzito unaostahili katika ufundishaji wa kompyuta kwa watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Jambo hilo ni mpangilio wa hatua, pamoja na sababu za mpangilio huo.

Tumewahi kukaa nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya kufundisha, tukamsikiliza mwalimu mwanafunzi akiwatajisha watoto: "Hii ni kibodi, hiki ni kipanya, hiki ni kioo." Watoto waliitikia kwa sauti moja, kengele ikalia, somo likaisha. Majina waliyapata, namna mashine inavyofanya kazi hawakuipata. Tulipomwuliza mwenzetu huyo sababu, alijibu kwamba shule ilikuwa na kompyuta moja tu, na kwamba mambo ya ndani ya mashine ni ya wataalamu. Hatukubaliani naye kwa yote mawili. Ili tusionekane kuchagua mfano mwepesi, tutachukua mmoja wa ile inayohesabiwa kuwa migumu: jinsi kompyuta inayoendesha kompyuta nyingine ndani yake inavyopokea ishara za ghafla bila kuzipoteza.

Kikatizo ni nini?

Tuanze na darasa lenyewe. Mwalimu yumo katikati ya hesabu ya kugawanya ubaoni. Mtoto anabisha hodi. Ana ujumbe wa mwalimu mkuu. Mwalimu mzuri hafuti hesabu, wala hamwachi mjumbe asimame mlangoni mpaka mapumziko. Humaliza tarakimu aliyoianza, huweka alama mahali alipofikia, humsikiliza mjumbe kwa ufupi, kisha hurudi kwenye ile alama na kuendelea. Ikiwa ujumbe unadai kazi ndefu, huuandika daftarini ili aushughulikie baadaye.

Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Ndani yake mna prosesa, yaani sehemu inayotekeleza maagizo moja baada ya jingine. Kibodi ikibonyezwa, saa ya ndani ikitimiza muda wake, au habari zikifika kwa njia ya mtandao, prosesa hupelekewa ishara. Ishara hiyo tutaiita kikatizo. Prosesa huhifadhi mahali ilipofikia, hutekeleza programu fupi ya kumpokea huyo mjumbe, kisha hurudi kwenye kazi yake. Programu kuu inayosimamia haya yote ni kiini cha mfumo endeshi. Kiini kinaweza kuiamuru prosesa isipokee vikatizo vya kawaida kwa kitambo kidogo. Vikatizo vinavyokuja wakati huo havifukuzwi. Hubaki vikisubiri mlangoni.

Mgeni na mwenyeji

Kompyuta moja inaweza kuendesha ndani yake kompyuta nyingine ya kubuni, yenye mfumo endeshi wake, ambao hufanya kazi kana kwamba una mashine yake peke yake. Wazo hili si jipya. Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. Katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kazi hiyo hufanywa na sehemu ya kiini iitwayo KVM, iliyoingizwa katika toleo la 2.6.20 mwezi wa Februari 2007. Wataalamu huiita kompyuta ya ndani mgeni, na ile ya nje mwenyeji. Mwalimu wa Kiswahili hana haja ya kutafuta maneno mengine, kwani watoto wetu wanajua tangu nyumbani mgeni ana haki gani na mwenyeji ana wajibu gani.

Prosesa ni ile ile moja: mara hutekeleza maagizo ya mwenyeji, mara huingia kwa mgeni na kutekeleza maagizo yake. Mgeni akifunga mlango wa chumba chake asisumbuliwe, hakuufunga mlango wa nyumba. Kikatizo cha mwenyeji kikija, prosesa hutolewa chumbani hata kama mgeni amezuia vikatizo vyake mwenyewe. Kwa upande mwingine, mwenyeji akiwa na ujumbe kwa mgeni aliyefunga mlango, hauvunji. Huuweka ujumbe huo na kuomba ajulishwe mara mlango ule utakapofunguliwa.

Ufa kati ya hatua mbili

Hatari iko wapi? Kabla prosesa haijaingia kwa mgeni, kiini lazima kiangalie kama kuna kazi ya mwenyeji inayosubiri. Kwa mfano, huenda zamu ya programu nyingine imewadia. Mtu asiyefikiri sana ataandika hivi: kwanza angalia, kisha ingia. Yaonekana sawa. Lakini kikatizo kinaweza kufika baada ya kuangalia na kabla ya kuingia. Prosesa itakipokea, itaandika kwamba kuna kazi, kisha itarudi pale pale ilipokuwa, yaani kwenye hatua ya kuingia. Itaingia kwa mgeni ikiamini kwamba hakuna kazi, na kazi ile italala mpaka prosesa itolewe tena kwa sababu nyingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa huu ni mwembamba mno kuonekana kwa macho.

Watunzi wa kiini huuziba kwa kubadili mpangilio: kwanza zuia vikatizo, ndipo uangalie, ndipo uingie. Kikatizo kikifika baada ya kuzuia, kitasubiri mlangoni. Na prosesa ikiingia kwa mgeni huku kuna kinachosubiri, hutolewa mara moja. Hakuna kilichoongezwa ila hatua moja, iliyowekwa mahali pake.

Mchezo wa darasani

Haya yote yaweza kuchezwa na watoto wa Darasa la Sita bila kompyuta hata moja. Zana ni kengele, kisanduku cha barua, bango lililoandikwa SUBIRI, daftari, na pembe ya darasa iliyotengwa kwa madawati iwe chumba cha mgeni. Mtoto mmoja awe Mtendaji, ndiye prosesa. Mwingine awe Mgeni, mwenye orodha ya hesabu anazotaka zifanywe. Wa tatu awe Tarishi. Hatua za mwenyeji ziandikwe ubaoni, na Mtendaji azifuate bila kuruka wala kuongeza neno.

Kanuni za Tarishi ni tatu. Akikuta bango halipo na Mtendaji yuko nje ya chumba, hugonga kengele. Mtendaji husimama, hupokea barua, huitia kisandukuni bila kuifungua, kisha huendelea na hatua iliyokuwa ikifuata. Akikuta bango limetundikwa, husimama mlangoni na barua mkononi. Mtendaji akiwa chumbani, au akiingia humo huku Tarishi amesimama mlangoni, lazima atoke mara moja, bango liwepo lisiwepo.

Mchezo wa kwanza uwe wa hatua mbili: angalia kisanduku, ingia kwa mgeni. Mwalimu amnong'oneze Tarishi apeleke barua mara Mtendaji anapoinua macho kutoka kisandukuni. Darasa zima litaiona barua imelala huku Mtendaji akifanya hesabu za Mgeni kwa utulivu kabisa. Hapo mwalimu asiseme kitu. Awaachie watoto waeleze kosa ni la nani. Wengi watamlaumu Mtendaji. Lakini Mtendaji alifuata kila neno la ubaoni, kwa hiyo kosa ni la aliyeandika hatua. Utambuzi huo peke yake unatosha kulipia kipindi kizima.

Mchezo wa pili uwe wa hatua tatu: tundika bango, angalia kisanduku, ingia. Kisandukuni kukiwa na barua, Mtendaji huondoa bango, huishughulikia barua, kisha huanza upya. Sasa watoto wahesabu nafasi ambazo Tarishi anaweza kufika. Ziko nne: kabla ya bango, kati ya bango na kuangalia, kati ya kuangalia na kuingia, na baada ya kuingia. Waichunguze kila moja. Katika nafasi ya kwanza barua itakutwa kisandukuni. Katika ya pili na ya tatu Tarishi atasubiri mlangoni, na Mtendaji atatolewa mara aingiapo. Katika ya nne atatolewa kwa kanuni ile ile. Nafasi ya tano hakuna.

Kuna nyongeza kwa darasa lililo tayari. Mtendaji akitoka, aondoe bango kwanza, au ahifadhi kwanza daftari la Mgeni? Akiondoa bango angali na daftari wazi mkononi, barua ya mwenyeji itaangukia juu ya hesabu za mgeni, na hatajua tena alifikia wapi. Kwa hiyo huhifadhi, ndipo hufungua. Kiini cha kweli hufanya hivyo hivyo: huhifadhi hali ya mgeni inayoweza kuharibiwa, ndipo huruhusu vikatizo.

"Imefaulu" si hoja

Sasa tunafika kwenye kiini cha maoni yetu. Mpangilio ule mbovu wa hatua mbili ukijaribiwa mara mia, huenda usionyeshe kosa hata mara moja, maana Tarishi lazima afike katika ule ufa mwembamba. Mtoto aliyezoezwa kusema "nimejaribu, imefaulu" hataliona kosa hilo kamwe. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa Uholanzi Edsger Dijkstra alipewa kazi ya kuandika programu za kupokea vikatizo katika mashine ya Electrologica X1, kazi iliyokuwa msingi wa tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959. Alisita, naye alieleza baadaye sababu ya kusita kwake: vikatizo huja wakati usiotabirika, na kosa litokanalo navyo huenda lisirudi tena mbele ya mchunguzi. Kwa hiyo hakuwa na budi kuthibitisha kwa kufikiri kile ambacho majaribio hayawezi kukithibitisha.

Hili si la kompyuta peke yake. Mtoto anayepata jibu sahihi la hesabu kwa njia mbovu ana ufa ule ule, na mwalimu anayetia alama ya vema bila kuitazama njia anausaidia ufa huo upanuke. Ndiyo maana tunasema kwamba kipimo cha somo hili kisiwe "taja sehemu tano za kompyuta", bali kiwe "onyesha nafasi zote ambazo Tarishi anaweza kufika, kisha eleza kwa nini barua haipotei".

Wapo watakaosema kwamba watoto ni wadogo mno. Sisi twajibu kwamba mtoto anayeweza kucheza bao, akahesabu kete zitamfikisha shimo gani kabla hajazigusa, ana akili ya kutosha kuhesabu nafasi nne. Wapo pia watakaosema kwamba muda hautoshi. Mchezo huu wahitaji vipindi viwili, na maandalio yake si zaidi ya karatasi moja. Bali mwalimu lazima azicheze hatua hizo mwenyewe kabla hajaingia darasani, maana akikosea kanuni moja ya Tarishi, darasa litajifunza uongo.

Ndugu walimu wanafunzi, mtakapokwenda mazoezini mtakuta shule zenye kompyuta chache na nyingine zisizo nayo hata moja. Msikubali kwamba upungufu wa mashine ni upungufu wa somo. Mkiwa na kengele, kisanduku na bango, mnaweza kumfundisha mtoto kuziuliza hatua zake swali moja: je, jambo likitokea hapa katikati, itakuwaje? Atakayezoea kuuliza hivyo, siku atakapoketi mbele ya kompyuta hataishia kuibonyeza na kungoja matokeo.