Tuupime Sokoine kama wanavyopima viwanja vya gofu

Kila Simba au Yanga wanapopangiwa mechi Mbeya, maneno yanaanza kabla timu haijatua Songwe. Mara uwanja mbovu, mara baridi, mara mpira unadunda kama umetiwa kitu. Wakishinda, wameshinda kwenye mazingira magumu. Wakipoteza, Sokoine ndio uliowafunga, siyo Prisons wala Mbeya City. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunachekelea: njooni tu, mtaujua mji.

Nimelisikia bishano hili tangu nianze kuandika habari za mpira, na kwa muda mrefu nilikuwa upande wa wenyeji bila kujiuliza mara mbili. Kilichonifanya nijiulize hakikutoka kwenye soka. Kilitoka kwenye gofu.

Usifunue ukurasa bado.

Nilikuwa kwenye basi natoka Iringa kwenda Mbeya, nimekaa na mzee mmoja aliyekuwa anashuka Mafinga. Tukaongea mpira kama ilivyo ada, mpaka aliposema ujana wake alikuwa kedi Mufindi, kwenye uwanja wa gofu ulio katikati ya mashamba ya chai. Kedi ndiye anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo na kumnong'oneza: hapa upepo unavuta kushoto, hapa piga fupi. Nikamuuliza swali la kitoto, uwanja mzuri wa gofu unaujuaje, maana kwangu yote ni majani na vibendera. Jibu lake lilikuwa kwamba uwanja mzuri unakuadhibu kwa kosa lako mwenyewe. Ukipiga vizuri unakulipa, ukipiga vibaya unakula hasara, na usiku ukilala unakumbuka shimo moja moja. Akashuka na kapu lake, akaniachia mada.

Nilipoanza kusoma nikakuta wenzetu hawa wamebishana sana kuhusu jambo hili. Mwaka 1966 jarida la Golf Digest la Marekani lilitoa orodha ya viwanja 200, na kipimo kilikuwa ugumu. Uwanja unaowatesa watu zaidi ndio unakaa juu. Baadaye wakagundua kwamba ugumu peke yake hauna maana, kwa sababu hata shamba lenye visiki ni gumu. Wakabadili, wakaanza kutafuta viwanja bora. Sasa wanaangalia kama uwanja unakutaka upige mipira ya aina tofauti, kama mashimo yake hayafanani, kama unakumbukika, na kama nyasi zinatunzwa. Hakuna anayehesabu viti.

Sisi tunahesabu viti. Ukimuuliza shabiki uwanja mkubwa nchini atakutajia Kwa Mkapa kabla hujamaliza swali, watu 60,000. Sawa, ni mkubwa. Lakini swali la yule mzee ni lingine kabisa, na nadhani kwa Mbeya na Iringa ndilo swali lenyewe: uwanja wako unamlipa aliyecheza vizuri?

Kuna kisa wapenzi wa gofu hawachoki kukisimulia. Uwanja wa kale wa St Andrews, kule Scotland, haukuchorwa na mtaalamu mmoja kwenye karatasi. Ni ardhi ya pwani yenye vilima na mashimo ya mchanga, iliyochongwa na upepo, kondoo na miguu ya watu kwa miaka mingi. Mwaka 1921 kijana wa Kimarekani, Bobby Jones, akiwa na miaka 19, alicheza pale na kuchukia kila kitu. Mpira unadunda ovyo, upepo haueleweki. Katikati ya raundi ya tatu akaacha mashindano. Mwaka 1927 akarudi palepale akachukua ubingwa wa wazi wa Uingereza. Mwaka 1930 akashinda tena hapo, safari hii taji la ridhaa. Mwaka 1958 mji ule ukampa heshima ya kuwa raia wake huru. Uwanja ulikuwa uleule. Jones ndiye aliyejifunza kwamba kile alichokiita bahati mbaya kilikuwa na majibu, ukitumia akili.

Sasa rudi Sokoine na ugawe ugumu wake mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni mwinuko. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa inazidi mita 1,500. Hewa ni nyepesi. Mchezaji aliyezoea joto la Dar anaanza kutafuta pumzi mapema, na pasi ndefu inakwenda mbali kuliko alivyokusudia. Watu wa gofu wanalijua hili vizuri sana. Wakicheza Denver, mji wa Marekani ulio karibu na kimo cha Mbeya, wanabadili fimbo kwa sababu mpira unaruka zaidi. Kwa hiyo mwinuko una majibu. Kocha anaweza kuleta timu mapema, kupunguza mipira mirefu, kupanga mabadiliko yake. Wala hatuko La Paz, Bolivia, kwenye mita zaidi ya 3,600, ambako Argentina walipigwa 6-1 mwaka 2009. FIFA waliwahi kuzuia mechi za kimataifa kwenye miinuko mikali mwaka 2007, wakaweka kikomo cha mita 2,500, na mwaka uliofuata wakarudi nyuma. Mbeya haifiki hata huko. Huu ni ugumu wa haki, na mgeni anayeulalamikia ni Bobby Jones wa 1921.

Ushahidi upo. Aprili 13, 2014 Azam walikuja Sokoine kukutana na Mbeya City, timu iliyokuwa imepanda daraja msimu uleule na inawasha moto chini ya Juma Mwambusi. Wagonga Nyundo walimaliza nafasi ya tatu msimu huo, na jiji zima lilikuwa nyuma yao. Azam, watu wa Chamazi, watu wa usawa wa bahari kabisa, wakashinda 2-1 na kuutwaa ubingwa wao wa kwanza hapohapo, bila kupoteza mechi msimu mzima. Walicheza vizuri, uwanja ukawalipa. Iliuma, lakini huo ndio uwanja mkubwa kwa kipimo cha mzee wa Mafinga.

Fungu la pili ni mabonde, matuta na matope. Hapa, ndugu zangu wa Mbeya, mtanisamehe. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei, yaani zinakula sehemu kubwa ya ligi. Mbele ya magoli panakuwa uji. Beki anapokea pasi ya mita tano, mpira unamrukia gotini. Hilo halina majibu. Aliyepiga pasi sahihi na aliyepiga ovyo wanapata matokeo yaleyale. Uwanja umeacha kutofautisha, umekuwa bahati nasibu.

Nawajua mashabiki wanaoamini matuta ni silaha yetu. Nimesimama nao jukwaani nikitafuna mahindi ya kuchoma, nimejifunika koti, nikawasikia wakishangilia kiungo wa Yanga akipotezwa na mdundo. Nilicheka na mimi. Lakini hebu tufikirie nani anaumia zaidi. Yanga anacheza hapa mechi mbili kwa msimu, moja na Prisons, moja na City. Mbeya City, waliorudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26, wanacheza hapa mechi zao za nyumbani zote, na Prisons hivyohivyo. Kijana wa Mwanjelwa au Soweto mwenye mguu wa kushoto mtamu anajifunzia hapa kwamba ukipata mpira, butua, usijaribu kitu. Halafu anakwenda kwenye majaribio Dar, kwenye kapeti, anaambiwa hana mguso wa kwanza. Atautoa wapi?

Wanaodhani maajabu ya mikoa yetu yanatokana na ubovu wa viwanja waangalie Ubaruku. Novemba 29, 2022, Ihefu waliifunga Yanga 2-1 kwenye uwanja wa Highland Estates, Mbarali, wakaizima rekodi ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Dar nzima ikasema baridi ya Mbeya. Baridi gani? Ubaruku iko bondeni Usangu, kwenye mpunga, jua linachoma. Oktoba 2023 Yanga wakarudi, wakapigwa 2-1 tena. Mbogo Maji walishinda kwa kucheza, na kwa watu waliojaa pembeni ya mstari kiasi kwamba winga wa wageni alisikia kila alichoambiwa kuhusu ukoo wake.

Kisha timu ikahamia Singida, leo inaitwa Singida Black Stars. Hapa ndipo soka na gofu zinapoachana. Kwenye gofu uwanja ndiye mpinzani wako. Bingwa akiondoka, uwanja unabaki na hadhi yake, mwingine anakuja kupambana nao. Uwanja wa soka bila timu ni malisho ya mbuzi. Highland Estates kwa kipimo chochote ulikuwa mkubwa kwa mechi zile mbili, na sasa Yanga hawana sababu ya kwenda Ubaruku.

Iringa wanalijua hili kuliko wote. Samora ni uwanja mdogo, ila Mei 2019 ulikuwa mahali pa kuogopwa. Lipuli, Wanapaluhengo wa Selemani Matola, waliichapa Yanga 2-0 pale kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Fainali ikapigwa Ilulu, Lindi, wakafungwa 1-0 na Azam. Mwaka mmoja baadaye Lipuli ikashuka, na tangu hapo mji haujapata timu yake ya Ligi Kuu. Muulize mtu wa Iringa leo, atakuonyesha alipokuwa amesimama bao la kwanza lilipoingia. Kukumbukika, Samora umefaulu. Nyasi ni habari nyingine.

Na tusisahau kwamba viwanja hivi siyo vya mpira peke yake. Mei Mosi ya kitaifa ya 2018 ilifanyika Samora, ya 2019 ikafanyika Sokoine. Kuna mikutano ya siasa, ya injili, matamasha. Wapo wanaotaka vyote hivyo vipigwe marufuku. Mimi siko huko. Viwanja hivi viko mikononi mwa CCM, lakini vilijengwa enzi ambazo kila kitu kilikuwa cha wote, na wananchi wanavihesabu kuwa vyao. Hata St Andrews Jumapili hawachezi gofu kwenye uwanja ule wa kale. Watu wa mji wanatembea juu ya nyasi zilezile za mabingwa, na watoto wao na mbwa wao. Tofauti ni kwamba Jumatatu asubuhi kuna watu wanaolipwa kuja kurekebisha.

Kurekebisha kwenyewe hakuhitaji uchawi. Pale penye bendera kwenye uwanja wa kisasa wa gofu, chini ya nyasi kuna kama sentimita 30 za mchanga uliochanganywa, chini yake sentimita 10 za kokoto, kisha mabomba ya kutoa maji. Wamarekani wameiandika njia hiyo tangu 1960. Mvua ikinyesha, maji yanashuka, juu panabaki pa kuchezea. Kuufumua uwanja mzima wa soka hivyo ni hela nyingi, hilo sibishani. Lakini mpira hauchezwi sawa kila mahali. Mbele ya magoli mawili na katikati ndipo panapokufa kwanza, na eneo la mbele ya goli siyo kubwa.

Tutasikia mengi kuhusu viwanja kuelekea AFCON 2027, ambayo tunaiandaa na Kenya na Uganda. Arusha wanapata uwanja mpya wa watu 30,000. Mechi za fainali hizo haziji Mbeya wala Iringa, kwa hiyo hakuna mkaguzi wa CAF atakayekuja kutushikia kiboko. Wakaguzi wetu ni TFF na Bodi ya Ligi, na fomu zao zinapokuja tunakimbilia kupaka rangi vyumba vya kubadilishia nguo. Rangi inakauka siku mbili, nyasi zinataka miezi.

Ligi ikiisha katikati ya mwaka, mvua za Mbeya ziko mbali. Julai na Agosti ni kiangazi, ardhi imekauka, lori la mchanga linaingia bila kuzama. Kinachotakiwa ni fundi anayejua nyasi, maji ya kumwagilia jioni, na mtu mwenye ubavu wa kumwambia mwandaaji wa tamasha asubiri wiki sita. Wa mwisho ndiye sijamuona bado.