Nyumba ndogo zinapotelea kwenye piseli

Ndugu mwandishi, kuzungusha gdal_rasterize ndani ya skripti ya Bash nakubali. Nani ana muda wa kubofya kata moja baada ya nyingine? Ila hapo ulipoandika `-tr 10 10` (ukubwa wa piseli) ukapita mbio, ndipo penye shughuli.

Chukua majengo ya Tandale, Dar es Salaam, yaliyochorwa kwenye OpenStreetMap. Bila `-at`, programu hupaka piseli pale tu kitovu chake kinapoangukia ndani ya poligoni. Kibanda cha mita 4 kwa 4 kwenye piseli ya mita 10 kinaweza kutoweka kabisa, na ramani ya mafuriko ikaonyesha hapakai mtu. Ukiweka `-at`, kila piseli iliyoguswa inapakwa, na mtaa uliobanana unageuka zege tupu. Mimi hupaka kwanza kwa mita 1 na `-burn 100`, kisha napandisha hadi mita 10 kwa gdalwarp `-r average`. Napata asilimia ya eneo lililojengwa katika kila piseli. Ila usithubutu kuweka `-a_nodata 0`: wastani utaziruka piseli tupu, na kila penye jengo patasoma 100.

Halafu, data hizo za OpenStreetMap huja kwa digrii (EPSG:4326), kwa hiyo 10 yako itasomwa kuwa digrii 10! Zipitishe ogr2ogr kwanza ziende EPSG:32737, na uongeze `-tap`, la sivyo gridi za kata jirani hazitaoana mipakani.